Saspensheni Mpya Si Leseni ya Kukimbia

Leo naweka programu kando kidogo, tuzungumze magari. (Msiwe na wasiwasi, seva zitatajwa.)

Huku kwetu Ruiru na Thika kuna mtindo umeshika. Mtu ananunua pikapu, anaiinua inchi mbili, anafunga springi nzito na shokabsoba za gesi, halafu wikendi anaelekea Kilimambogo au njia za vumbi za Munyu. Swali lake ni moja: sasa naweza kuikimbiza kiasi gani?

Jibu langu: si zaidi ya kinachoweza kuvumiliwa na kile kifaa ambacho hukubadilisha.

Sisi wa kompyuta tunalijua jambo hili. Ukiongeza nguvu ya seva, tovuti haipati kasi isiyo na mwisho. Msongamano unahamia kwenye databesi. Pikapu nayo ni hivyo hivyo. Saspensheni mpya inameza shimo bila wewe kusikia kitu, lakini boljointi, bushi, chesisi na breki ni zile zile za kiwandani. Zamani mgongo wako ulikuambia upunguze mwendo. Sasa mgongo umenyamaza, na chuma kinaumia kimya kimya.

Tena kuna hesabu ambayo haina huruma. Ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza imeongezeka mara nne. Na gari uliloliinua ni rahisi zaidi kupinduka kwenye kona.

Shokabsoba nazo zina kikomo. Kazi yake ni kugeuza mruko wa springi kuwa joto. Barabara yenye vituta vilivyopangana kama bati haiipi nafasi ya kupoa. Mafuta ya ndani yanapata moto, yanakuwa mepesi, na gari linaanza kuelea. Gesi hupunguza povu kwenye mafuta, haifuti joto. Ukihisi gari linaelea, simama dakika chache lipoe.

Kosa jingine ni springi za mzigo kwenye pikapu tupu. Springi iliyotengenezwa kubeba kilo mia kadhaa za ziada haibonyei vizuri bila mzigo huo. Gurudumu linarukaruka, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani.

Kuna atakayesema, "Mbona wale wa Safari Rally wanakimbia?" Kweli wanakimbia, lakini wana mafundi wanaokagua na kubadilisha vifaa kila wanaporudi kambini. Hata hivyo, mnakumbuka 2021, mwaka ambao Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002? Thierry Neuville aliingia Jumapili, siku ya mwisho, akiongoza kwa karibu dakika moja. Saspensheni ya nyuma kulia ikavunjika, akatoka, na Sébastien Ogier akashinda. Hicho ni kifaa cha timu ya kiwanda, si cha gereji yetu ya mtaani.

Na rally hufungiwa barabara. Njia ya Munyu haifungwi. Kuna bodaboda, kuna mama na mtungi wa maji, kuna watoto wanaotoka shule na vumbi limewafunika. Hao hawajui umetumia pesa ngapi kwa springi.

Kwa hiyo, msimamo wangu: nunua saspensheni nzuri ili gari litulie, lisikuchoshe na likutii. Usiinunue ili uongeze mwendo. Kila ukirudi nyumbani, lala chini ya gari na tochi: angalia mafuta yanayovuja, nati zilizolegea, nyufa kwenye chesisi. Na mwendo uwe ule unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Hakuna fundi anayeuza kifaa cha kubadilisha hilo.