Haki ya Njia na Jicho la Kamera



Anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hatembei hatua nyingi kabla ya kukutana na mgeni mwenye kamera. Mgeni huyo hupiga picha ya mlango wa nakshi, kisha ya mzee aliyejikalia barazani, kisha ya mama mwenye buibui anayerejea kutoka sokoni Darajani na kikapu chake. Mlango hauna la kulalamika. Mzee na mama wanalo, lakini ni mara chache wakaulizwa.

Upigaji picha wa namna hii una jina na historia yake. Huitwa upigaji picha wa mitaani. Mpigaji hampangi mtu wala hamwombi akae sawa, bali humvizia katika shughuli zake na kumnasa bila ya yeye kujiandaa. Wenye fani hiyo huihesabu kuwa sanaa, na picha zao hutundikwa katika majumba ya makumbusho na kuuzwa kwa fedha nyingi.

Hatukusudii hapa kufungua upya mjadala wa wanazuoni kuhusu hukumu ya picha yenyewe. Mjadala huo una mahali pake na watu wake. Tunachokusudia ni jambo linalomgusa hata yule asiyeona ubaya wowote katika picha, nalo ni haki ya anayepigwa picha. Rai yetu ni kwamba njia ni ya watu wote, lakini kupita njiani hakumfanyi mja kuwa mali ya kila mwenye kamera.

Jina la mpigaji, uso wa asiye na jina

Fani hii ilipata nguvu baada ya kamera ndogo ya Leica kuingia sokoni nchini Ujerumani mwaka 1925. Kabla ya hapo kamera nyingi zilikuwa kubwa na nzito, na aliyelengwa aliona wazi kwamba analengwa. Kamera ndogo ilimwezesha mpigaji kuchanganyika na watu asitambulike. Bingwa mashuhuri wa fani hii, Mfaransa Henri Cartier-Bresson (1908–2004), alifikia hadi ya kuziba kwa rangi nyeusi sehemu zinazong'aa za kamera yake ili isionekane.

Cartier-Bresson mwenyewe alieleza kwamba kilichomsukuma kushika kamera ni picha moja ya Martin Munkácsi, mpiga picha kutoka Hungaria. Picha hiyo inaonesha wavulana watatu Waafrika, migongo ikiwa uchi, wakikimbilia majini kwa furaha. Kwa miaka mingi imechapishwa ikiambatanishwa na jina la Ziwa Tanganyika, na mahali pengine imeandikwa kuwa ni ya Liberia. Msomaji wetu wa Kigoma anajua umbali uliopo baina ya ziwa lake na Liberia! Jina la mpigaji limehifadhiwa, na jina la aliyevutiwa naye limehifadhiwa. Ama wale vijana watatu, ulimwengu haukuhifadhi majina yao, na hata nchi yao imechanganywa. Hatusemi kwamba Munkácsi aliwakusudia ubaya. Tunasema kwamba huo ndio mzani wa fani hii tangu mwanzo wake: mpigaji hupata jina, na aliyepigwa hubakia kuwa umbo.

Mmarekani Walker Evans alikwenda mbali zaidi. Baina ya mwaka 1938 na 1941 aliwapiga picha abiria wa treni za chini ya ardhi mjini New York, kamera akiwa ameificha ndani ya koti na lenzi ikichungulia baina ya vifungo. Abiria walikaa mbele yake wamechoka, wengine wamezama katika mawazo yao, bila ya kujua. Hata hivyo Evans hakukitoa kitabu cha picha hizo hadi mwaka 1966, yaani robo karne baadaye. Linganisha subira hiyo na zama zetu, ambapo picha iliyopigwa saa nne asubuhi huwa imekwishazunguka dunia kabla ya adhuhuri.

Mahakama hazikuafikiana

Wapo watakaosema kwamba aliyetoka nje amekubali kuonekana. Hoja hii si ngeni, na imefikishwa mahakamani. Baina ya mwaka 1999 na 2001 mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitega taa katika eneo la Times Square, New York, akawapiga picha wapita njia kutoka mbali. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kiyahudi mshika dini, ambaye imani yake ilimkataza jambo hilo. Alikuja kugundua kwamba uso wake umeoneshwa hadharani na nakala za picha yake zimeuzwa kwa maelfu ya dola. Alishitaki mwaka 2005. Mwaka 2006 mahakama ilitupilia mbali dai lake kwa hoja kwamba picha ile ni sanaa, na sanaa inalindwa na uhuru wa kujieleza.

Nchini Kanada mambo yalikuwa kinyume. Binti wa miaka 17 alipigwa picha akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo mjini Montreal, na jarida moja likaichapisha bila ya idhini yake. Wenzake wakamcheka. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki yake ilivunjwa, ikathibitisha alipwe dola 2,000. Fedha hizo si nyingi, lakini msingi uliowekwa ni mzito: kukaa mahali pa wazi hakuondoi haki ya mtu juu ya uso wake.

Hivyo basi, asitokee mtu akatuambia kwamba kudai ruhusa ni ushamba wa watu wasioelewa sanaa. Hapa kwetu pia sheria zimeanza kuamka. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na mwaka 2023 klabu moja ya starehe mjini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ya ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Haki ya njia

Sisi Waislamu hatukuhitaji kusubiri mahakama ya Montreal. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha Masahaba dhidi ya kukaa njiani. Walipoeleza kwamba hawana budi na vikao vyao, aliwataka waipe njia haki yake, na akataja miongoni mwa haki hizo kuinamisha macho na kujizuia kuwaudhi watu. Tuzingatie kwamba maelekezo hayo hayakuhusu nyumba zilizofungwa milango. Yalihusu njia, mahali ambapo kila mtu anaonekana. Kuonekana kwa mtu hakukumhalalishia mwingine kumkodolea macho, sembuse kuuchukua uso wake na kuupeleka asikokujua! Na ama kamera ya kufichwa, Surat Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, na hatuoni jina jingine la kuipa kazi ya lenzi inayochungulia kutoka ndani ya koti.

Insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Zipo picha za mitaani ambazo lau zisingepigwa, dhulma ingebaki gizani. Tarehe 16 Juni, 1976, huko Soweto, Sam Nzima alipiga picha ya mtoto Hector Pieterson akiwa amebebwa baada ya kupigwa risasi. Hapakuwa na nafasi ya kuomba ruhusa, na picha ile iliuonesha ulimwengu sura halisi ya utawala wa makaburu. Nzima mwenyewe alilazimika kuikimbia Johannesburg kwa kuwaogopa askari. Picha ya namna hiyo ni ushahidi, na mwenye kuitoa amejitia hatarini kwa ajili ya aliyedhulumiwa.

Basi kipimo kiko hapo. Je, picha inamtumikia aliyepigwa au inamtumia? Aliyeipiga picha ya Soweto alikuwa shahidi wa mnyonge. Anayemnasa mama wa Malindi akifunga buibui lake, kisha akaiuza picha kwa kadi ya posta, ni shahidi wa nani?

Tuanze na nafsi zetu

Itakuwa ni upungufu mkubwa kumlaumu mgeni peke yake. Simu ya mkononi imemfanya kila kijana wetu kuwa mpiga picha wa mitaani. Ajali ikitokea, wapo wanaotoa simu kabla ya kutoa mkono. Mgonjwa wa akili anayepita uchi barabarani hurekodiwa na kuchekwa, badala ya kutupiwa kanga. Baya zaidi ni kwamba wapo wanaogawa futari kwa jina la Uislamu, huku wakiwapanga yatima na wajane kwenye foleni nje ya msikiti ili nyuso zao zioneshwe kwa wafadhili. Yule mjane hana ubavu wa kukataa, kwani akikataa picha anahofia kukosa mchele. Ridhaa ya namna hiyo si ridhaa.

Tunapendekeza mambo yafuatayo. Kwanza, mwenye kamera atoe salamu na aombe ruhusa. Anapokataliwa, akubali kwa moyo mkunjufu. Pili, wenye hoteli na wanaotembeza wageni wawaelimishe wageni wao mapema, kwani wengi hawafanyi kwa ubaya bali kwa kutokuambiwa. Tatu, wanaogawa misaada wapige picha ya magunia na hesabu zao, na wauache uso wa mhitaji katika sitara yake. Nne, maimamu wakumbushe haki ya njia katika khutba za Ijumaa, hususan kwa vijana.

Jamii inayodai kuheshimiwa na wageni haina budi kwanza kuwaheshimu wanyonge wake. Tunamuomba Allah (s.w.) atusitiri hapa duniani na kesho Akhera, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowasitiri waja wake.

Wabillahi tawfiq.