Mbele ya ekrani kubwa, tufikirie sauti

Siku hizi, kuanzia Kolwezi mpaka Lubumbashi, kila nyumba inataka ekrani kubwa: puse 43, puse 55. Tunaona hata jasho la muchezaji wa Mazembe, lakini maneno ya mutangazaji hatuyasikie muzuri. Baba anashika telekomande, anapandisha. Mama anashusha. Mutoto mwenye mutihani kesho anaenda kusomea inje. Na habari za tele si za mupira tu. Mwezi wa pili 2025, wakati serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi kwa miezi ine, kila jamaa ya mine ilitaka kusikia neno kwa neno, si nusu nusu.

Zile tele za zamani, zenye tumbo, zilikuwa na nafasi ya kuweka bafle. Hizi nyembamba ziko na bafle ndogo, na mara mingi inatazama chini ao nyuma. Ndiyo maana nasema: kama uko na feza ya kuongeza puse kumi, acha puse, ununue bare ya sauti. Uiweke chini ya ekrani, itazame watu, usiifungie ndani ya kabati. Kable ya HDMI uiingize kwa tundu lenye kuandikwa ARC, kwa tele na kwa bare. Kisha uzime bafle ya tele, kama si vile neno moja litasikilika mara mbili. Muuzaji atakusifia besi, ile ya kutikisa mabati. Mimi sina kazi nayo: inafunika maneno, na jirani aliyetoka poste ya usiku anataka kulala. Uombe bare yenye kifungo cha kuongeza sauti ya maongezi. Na stabilizatere, kwani kura yetu tunaijua.

Lakini kuko jambo lingine. Mutu aliyefanya miaka kwa mashini ya kutoboa majiwe, ao karibu na konkasere, anaweza kununua bare ya bei kali na bado anauliza: «Amesema nini?» Makelele ya kazi inaharibu kwanza kusikia kwa sauti nyembamba, zile za karibu hertz 4000. Hapo s, f na t zinapotea: «sita» na «fika» zinakuwa neno moja. Anasikia kama mutu anasema, hajue anasema nini. Sikio lililokufa vile halirudi. Desibeli 85 kwa saa 8 kila siku zinatosha kuliharibu polepole. Kwangu mimi, bushoni za masikio ni deni la kampuni, na kupima masikio kila mwaka vilevile, pasipo kukata mushahara.

Kwa hiyo, kama bibi na batoto wanasikia bare muzuri, na ni wewe tu unaomba wapandishe, usirudie kugombana na muuzaji. Pita kwa dispansere ya kampuni, uombe wapime masikio, na karatasi ya majibu uichunge nyumbani.