Kabla Hujaacha Fizikia, Shuka Mtoni Kwanza

Likizo ya Agosti nilikuwa Wote, kaunti ya Makueni, nyumbani kwa shangazi. Binti yake yuko Kidato cha Pili. Jioni moja tukitoa mawe kwenye ndengu, akaniambia bila hata kuinua kichwa:

"Kaka, mimi Fizikia naiacha."

"Mbona?"

"Fomula ni nyingi sana. Nikishika hii, ile ingine inatoka. Na tumeambiwa kama huwezi kupata C, uchague somo lingine usije ukaangusha wastani wa shule."

Shangazi akasema kutoka jikoni, "Mwache achukue analoliweza." Mimi nikanyamaza, si kwa sababu nilikubali, bali kwa sababu sikujua nianzie wapi. Sasa naandika hapa, kwa ajili yake na kwa wengine wote wa rika lake walio karibu kujaza fomu ya kuchagua masomo.

Tuelewane kwanza. Hilo darasa la binamu yangu ndilo la mwisho la 8-4-4, litafanya KCSE 2027. Ukiacha Fizikia sasa, ndoto ya kusomea uhandisi chuo kikuu umeizika kabla hujapata hata kitambulisho. Wadogo wenu wa mtaala mpya nao wanaingia Gredi ya 10 wakiwa na uamuzi kama huo, kuchukua mkondo wa sayansi na teknolojia au kuukwepa. Huwezi kuamua jambo kama hili kwa sababu fomula zinatoroka kichwani. Fomula zinamtoroka kila mtu aliyezikariri. Mimi ni shahidi.

Mimi sikuiacha Fizikia, niliikariri. Nilikuwa na kidaftari cha fomula, nakisoma hata chooni. KCSE nikapata B, nyumbani wakachinja kuku. Nikaingia chuo kusomea diploma ya uhandisi wa umeme, na mwaka wa pili nikatoka. Nikiulizwa huwa nasema ni karo, na kweli karo ilikuwa shida. Lakini nisiwadanganye: hata kabla pesa hazijaisha, nilikuwa nimepotea darasani kitambo.

Baadaye nikaanza kufunga sola vijijini na jamaa mmoja. Upande wa Mutomo, kaunti ya Kitui, kuna mzee aliyeuza mbuzi wawili ili anunue paneli, betri, taa na TV ndogo ya volti 12. Betri ilikaa nyumba kubwa. TV na taa alizitaka kwenye nyumba ya wanawe, mita 30 kutoka hapo. Mimi nikavuta waya niliyoipata kwa bei rahisi, ile nyembamba ya milimita mraba 1. Usiku huo taa ziliwaka kama mshumaa, na TV ikawa inajizima kila dakika. Mzee akanipigia simu: "Kijana, kwani nimeuza mbuzi ninunue giza?"

Nikarudi. Nikabadilisha taa, wapi. Nikageuza paneli, wapi. Nikalaumu betri. Mwishowe fundi mmoja mzee wa hapo sokoni, ambaye hajawahi kukaa kwenye darasa la Fizikia, aliitazama waya mara moja tu, akacheka.

Shida ilikuwa hivi. Waya ikiwa ndefu, ukinzani wake unaongezeka. Ikiwa nene, unapungua. Umeme unaenda na kurudi, kwa hivyo mita 30 ni mita 60 za waya. Waya ya shaba ya unene ule, kwa mita 60, ina ukinzani wa karibu omu 1. Taa na TV zikivuta ampia 5, volti 5 zinapotelea njiani. Betri inatoa 12, TV inapata 7. Itawakaje? Nilipoweka waya ya milimita mraba 6, hasara ilishuka chini ya volti 1, na TV ikatulia.

Waya hiyo mpya niliinunua kwa pesa yangu, na pesa ya kazi nikamrudishia mzee. Aibu iliyoniuma zaidi ni kwamba fomula hiyo ya ukinzani, urefu na unene nilikuwa nayo kichwani tangu Kidato cha Tatu. Ningeulizwa kwenye karatasi, ningeandika jibu nimefumba macho. Lakini sikuwahi kujua inaongea kuhusu waya.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Tunafundishwa Fizikia kinyumenyume. Fomula inakuja kwanza, kitu chenyewe kinakuja baadaye au hakiji kabisa. Na ajabu ni kwamba huku Ukambani kitu chenyewe kimejaa kila mahali.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia binamu yangu tubebe mitungi twende mtoni. Mnajua mito yetu: Agosti ni mchanga mtupu. Lakini hapo kuna ukuta wa zege umekatiza mto, wanaita bwawa la mchanga. Kitui yameenea kwa mamia, mengi yakiwa yamejengwa na wanakijiji kwa ushirikiano na shirika la SASOL tangu miaka ya 1990. Mvua ikinyesha, mto unakuja na mchanga na tope. Chembe nzito za mchanga zinazama nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Maji yanabaki katikati ya chembe za mchanga. Tulichimba kidogo tu, yakatokea, baridi na safi.

Nikamuuliza, "Mbona haya hayajakauka na bwawa la wazi la ng'ombe kule juu limekauka?"

Akafikiri. "Jua haliyafikii?"

"Na nini kingine?"

"Upepo."

Basi. Hiyo ndiyo mada ya uvukizaji. Joto, upepo na ukubwa wa eneo lililo wazi. Mtihani unapokuuliza utaje mambo yanayoongeza kasi ya uvukizaji, unakuuliza kuhusu mtungi wenu wa maji.

Halafu akaniuliza yeye, swali ambalo sikulitarajia: "Na lori zikibeba huu mchanga, maji yatakaa wapi?" Hayatakaa. Yatapita siku ya mvua na jua litamaliza yatakayobaki. Ndiyo maana Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mtoto anayetaka kuacha Fizikia alikuwa amefika kwenye hoja ya sheria ya kaunti kwa kutazama shimo tu.

Chukua lingine. Bwawa la Thwake, pale mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ukuta wake umepangwa kuwa na kimo cha mita 80 hivi. Kwa nini ukuta wa bwawa hujengwa mpana chini kuliko juu? Kwa sababu presha ya maji inaongezeka kadiri unavyoshuka. Zidisha kina kwa densiti ya maji, kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo, kisha kwa 10 ya mvutano wa dunia. Mita 80 inakupa Paskali 800,000, karibu mara nane ya presha ya hewa tunayopumua. Toboa mashimo matatu kwenye chupa ya plastiki, juu, katikati na chini, ujaze maji uone lile la chini linavyotoa maji kwa nguvu zaidi. Hutasahau tena.

Na boda boda je? Kwenye lami ya Kibwezi kwenda Kitui nimeona vijana wakipiga 80 usiku na abiria wawili nyuma. Nguvu ya mwendo inategemea kasi mara kasi. Ukitoka 40 ukaenda 80, hujaongeza hatari mara mbili, umeongeza mara nne. Breki zilizokusimamisha kwa mita 10 sasa zinahitaji mita 40. Mbuzi aliyesimama mita 25 mbele ulikuwa unamkwepa, sasa unamgonga. Hii fomula inastahili kuandikwa kwenye kila steji ya boda.

Najua mwalimu atasema: sawa kijana, lakini mtihani hausahihishwi mtoni. Kweli. KCSE ina karatasi tatu: ya kwanza na ya pili alama 80 kila moja, ya tatu, ile ya maabara, alama 40. Na maswali yanakuja kwa Kiingereza. Fomula lazima uzijue na maswali ya miaka iliyopita lazima uyafanye. Ninachosema ni mpangilio. Anza na kitu unachokijua. Kieleze kwa Kiswahili au Kikamba. Kama susu yako amekuelewa, umeelewa. Ndipo uende kwenye fomula, na kila herufi ujiulize inasimamia nini pale mtoni au kwenye waya. Andika vipimo kila mara, kwa sababu jibu lisilo na kipimo ni kama bei isiyosema ni ya kilo au ya gunia. Mwisho kabisa, ndiyo ufungue maswali ya zamani.

Hata hiyo karatasi ya tatu unaweza kuanza kuizoea nyumbani. Funga jiwe kwa uzi wa mita 1, ulitundike kwenye tawi, ulisukume kidogo. Tumia simu kupima muda wa kwenda na kurudi mara 20. Utapata kama sekunde 40. Badilisha jiwe, weka zito zaidi: bado 40. Kata uzi ubaki sentimita 25: zinakuwa 20. Umejifunza pendulamu, na haijakugharimu hata bob moja.

Lakini nisiwatwike wanafunzi mzigo wote. Katika shule niliyosoma, ameta tuliishika kwa mikono yetu mara ya kwanza wiki chache kabla ya mtihani, watu sita kwa kifaa kimoja. Mtoto wa kijijini anashindanishwa na wa shule kubwa iliyo na maabara tangu Kidato cha Kwanza, halafu akianguka anaambiwa Fizikia si ya kila mtu. Jibu la maabara kukosekana si kumwondoa mtoto somoni ili wastani upendeze. Walimu, hebu wapelekeni mtoni saa moja kwa muhula. Wazazi, mkikaa kwenye mkutano wa shule, kabla ya basi na lango jipya ulizeni kuhusu ameta. Tunaishi sehemu ambayo maji, umeme na barabara ndiyo maisha yenyewe. Tukikosa watoto wanaoelewa vitu hivi, tutaendelea kungoja fundi na mhandisi kutoka kwingine.

Sisemi kila mtu awe mhandisi. Ukiielewa Fizikia kisha uone moyo wako uko kwa Historia, nenda na Historia, tena kwa raha. Lakini usiache kitu ambacho hujawahi kuonyeshwa.

Binamu yangu hajaamua bado. Fomu anairudisha muhula wa tatu. Juzi alinitumia ujumbe kwamba amejaribu ile ya jiwe na uzi, akapata sekunde 43 badala ya 40, anataka kujua alikosea wapi. Nimemwambia apime tena uzi wake, aanzie penye fundo la juu hadi katikati ya jiwe. Nangoja jibu.