Rafiki mwenye kusema hapana asibaki peke yake

Ku Goma, mutu akikuambia «niko na rafiki pale ku service», unaelewa tayari: karatasi yako itapita, matabishi itatoka, na hakuna atakayeuliza kitu. Ndiyo urafiki tunaoujua zaidi.

Lakini mukristo akisoma sura ya 15 ya Injili ya Yohana, anakuta urafiki mwingine. Pale Yesu anatoa wanafunzi wake ku utumishi, anawafanya marafiki, na kipimo chake ni kigumu: uko tayari kupoteza nini kwa ajili ya mwenzako? Hata uhai?

Mutoto wa hapa Goma alijibu. Floribert Bwana Chui alizaliwa 1981, akasoma droit, akafanya kazi ku OCC, ile ofisi inayochunguza bidhaa ku mupaka. Alipewa makuta ili aachilie chakula kilichoharibika kipite. Akakataa, chakula kikateketezwa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025, Kanisa Katoliki lilimutangaza mwenye heri kule Roma.

Sasa tuulize: alikufa kwa ajili ya rafiki gani? Mama wa Birere ambaye angenunua kile chakula hakujua hata jina lake. Lakini Floribert alikuwa mu Jumuiya ya Sant'Egidio, na alikuwa anakaa na watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, akiwafundisha na kula pamoja nao. Mimi naamini ni pale alijifunza. Mutu aliyekula na maskini anajua chakula kibaya kitaishia mu sahani ya nani.

Mimi niko mutu wa syndicat ya wachimbaji. Ku machimbo tunaitana rafiki kutwa nzima. Siku moja, kisha mvua kubwa, kijana mmoja mwenye kazi ya kuweka mbao alikataa wenzake washuke. Alisema mbao zimeoza. Mwenye shimo akamufukuza pale pale. Na siye, marafiki zake, tulifanya nini? Tulimuchangia kidogo franka za moto, apande aende kwao. Halafu tukashuka.

Shimo halikuanguka siku ile. Lakini haya yake ningali nayo mupaka leo. Yeye alipoteza kazi juu yetu, siye hatukupoteza hata siku moja ya kazi juu yake.

Ndiyo maana mahubiri mengi juu ya urafiki hayanitoshelezi. Yanasifu yule anayejitoa, yanasahau wale wanaomutazama akijitoa. Injili haisahau. Petro aliapa hatamuacha Yesu, na kabla jogoo hajawika alikuwa amemukana mara tatu. Ule usiku wa Gethsemane wanafunzi walikimbia wote. Aliyesaidia kubeba musalaba ni mupita njia, Simoni wa Kirene, na yeye alilazimishwa.

Najua mutaniambia: «Bana, kila mutu hawezi kuwa Floribert. Niko na watoto, niko na nyumba ya kulipia.» Ni kweli, na mimi niko na wangu. Lakini mutu mumoja akisema hapana, ni rahisi kumutoa mu njia. Makumi mawili wakisema hapana pamoja, watafukuzaje wote, na nani atachimba kesho? Kama tunataka watu wasife juu ya ukweli, tuwazunguke wakiwa wazima, tusingoje kuwaombea wakiwa wamekufa.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa wenzangu wa machimbo, na hata kwa wale wa ofisi na wa mupaka. Mwenzetu akikataa hongo ao akikataa shimo baya, siku ile tusishuke. Akifukuzwa, nyumba yake ikule kutoka ku mifuko yetu mupaka apate kazi. Na tuseme wazi, kwa mudomo wetu wote, kama alikuwa na haki.

Tutaweka picha ya Floribert mu kanisa, ni vizuri. Lakini ule kijana wa mbao angali muzima. Huyu tunaweza bado kuwa rafiki yake.