Tafakari ya Wiki: Tusitupe Mota Kabla ya Kuifungua

Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kifaa kidogo ambacho wengi hukikumbuka mvua inaponyesha tu: mota inayoendesha waipa za kioo cha mbele cha gari. Huku Ugweno jambo hili si dogo hata kidogo. Masika yanapoingia, kuanzia Machi hadi Mei, mvua na ukungu hufunika milima ya Pare ya Kaskazini, na barabara zinazopanda kutoka Mwanga zina kona kali na makorongo pembeni. Dereva asiyeona mbele huyaweka rehani maisha ya abiria wake.

Magari mengi yanayopanda huku yamekwisha kutumika miaka mingi. Waipa zikisimama, wapo wanaoendelea na safari huku konda akifuta kioo kwa kitambaa. Wapo pia wanaoagiza mara moja mota iliyotumika kutoka Gerezani, Dar es Salaam, pasipo kuifungua ile ya zamani. Kwa maoni yetu, wote hawa wanakosea. Wa kwanza wanacheza na mauti. Wa pili wananunua kifaa wasichokijua umri wake, ambacho pengine kimechakaa kuliko kile walichokitupa.

Umeme wa betri, kwa kawaida volti 12, huingia katika mota hii kwa vipande vya kaboni vinavyogusa shaba inayozunguka. Mota nyingi za waipa zina kaboni tatu, kwa kuwa mwendo wake ni wa aina mbili, wa polepole na wa kasi. Kaboni huisha kidogo kidogo kama chaki ubaoni. Ndiyo maana huenda mwendo mmoja ukafa na mwingine ukabaki. Mota ya namna hiyo haijafa. Inahitaji kaboni mpya, ambazo bei yake ni ndogo kuliko ya mota, shaba isafishwe kwa msasa laini, na gia ipakwe grisi.

Hata kabla ya kuifungua, fundi makini hupima fyuzi na waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi, kisha huitenganisha mota na vyuma vinavyosukuma waipa. Ikizunguka vema peke yake, yamkini kosa ni la vyuma vilivyoshika kutu. Na fyuzi ikikatika mara kwa mara, asiruhusiwe mtu kuweka kipande cha waya mahali pake. Huko ni kukaribisha moto garini.

Zipo mota zisizofaa tena: koili zimeungua, gia zimesagika, sumaku zimevunjika. Hizo zibadilishwe, na gari lisibebe watu mvuani mpaka zibadilishwe.

Ugweno haina sababu ya kudharau kazi ya fundi. Kabla ya ukoloni, Washana, ukoo wa wahunzi, walifua chuma katika milima hii, na Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake. Vijana wetu wanaojifunza umeme wa magari ni warithi wa heshima hiyo. Tuwape kazi, tuwalipe haki yao bila kuwapunja, nao watuambie ukweli juu ya kinachotengenezeka na kisichotengenezeka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Waipa zijaribiwe wakati wa kiangazi, mawingu yangali mbali. Tunawatakieni juma jema na safari salama.