Aliyeumia Mgongo Asinyanyuliwe kwa Pupa



Fundi muashi ameteleza kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kuanguka chali. Wenzake wanamkimbilia kwa huruma. Mmoja anamshika makwapani, mwingine miguuni, wanamnyanyua huku kiuno kikining'inia kama gunia, kisha wanamkunja katika kiti cha nyuma cha teksi. Kila mmoja wao alitaka kumwokoa. Lakini yawezekana kabisa kwamba mtu huyo alipoanguka vidole vyake vya miguu vilikuwa bado vinacheza, na alipofika hospitali havichezi tena.

Mkasa wa namna hii hutokea kwenye majengo, barabarani kwa wapanda pikipiki, na chini ya miembe na minazi. Kwa hiyo yatupasa sote kujua la kufanya kabla daktari hajamwona majeruhi.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake zipo nyingine zilizoungana. Katikati ya pingili hizo hupita ugwe mgongo, kamba laini yenye unene kama wa kidole cha mwisho na urefu upatao sentimita 45 kwa mtu mzima. Katika ugwe huo amri za ubongo hushuka kwenda kwenye misuli, na habari za maumivu, joto na haja hupanda kwenda kwenye ubongo. Mfupa ukivunjika huunga. Ugwe ukikatika, hadi leo haijapatikana dawa wala operesheni ya kuuunganisha ukafanya kazi kama zamani. Kipande cha mfupa kilichovunjika chaweza kuwa kimekaa kando ya ugwe bila kuukata. Mtikisiko mmoja wa pupa ukakisukuma ndani.

Basi, mtu akianguka au akigongwa, na akalalamika maumivu ya shingo au mgongo, ganzi, au miguu isiyomtii, mwambie atulie pale pale alipo. Aliyezimia naye achukuliwe kuwa ameumia shingo hadi daktari aseme vinginevyo. Angalia kwanza kama anapumua, kwa maana pumzi hutangulia yote. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake na kukishika kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na kiwiliwili. Asimwekee mto, asimnyweshe maji, wala asimketishe. Kama hatari ipo, kama vile moto au magari yanayopita, avutwe kwa kunyooka, bila kupindwa.

Wakati wa kumhamisha tafuteni machela, na ikikosekana, ubao mpana au mlango uliong'olewa. Watu wanne wanatosha: mmoja kichwani, ambaye ndiye atoaye amri, na watatu mabegani, kiunoni na miguuni. Kwa hesabu moja wambingirishe ubavu kama gogo, ubao usogezwe chini yake, kisha arudishwe chali. Pande zote mbili za kichwa zikazwe kwa nguo zilizokunjwa. Akitaka kutapika, abingirishwe vivyo hivyo.

Hospitalini atapigwa picha. Pengine atalazwa bila kutikiswa. Pengine atafanyiwa operesheni ya kuondoa mfupa unaoukandamiza ugwe na kuzikaza pingili kwa vyuma. Ugwe uliobanwa bila kukatika waweza kurudisha nguvu, na kadiri unavyowahiwa ndivyo matumaini yanavyoongezeka. Hapa kwetu Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, hushughulika na majeraha haya. Msimkawize mgonjwa kwa kumpeleka kwanza kukandwa na kuvutwa shingo.

Mishipa ya fahamu ya mikono na miguu ina tabia nyingine: ikikatika na kushonwa, yaweza kuota tena, kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku. Aliyekatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono, kama sentimita 18 kutoka ncha ya kidole, hana budi kungoja miezi 6 au zaidi kabla ya kuhisi nchani. Kwa hiyo jeraha la kioo au panga likiacha ganzi ya vidole, haitoshi kushona ngozi tu. Mwambie daktari mapema. Wakati wa kungoja, viungo vinyooshwe kila siku visikakamae, na mkono wenye ganzi usiguse sufuria ya moto, kwani utaungua bila kujua.

Sasa tuseme juu ya yule ambaye miguu yake haikurudi. Zamani wengi wao walikufa upesi, wakiuawa na vidonda vya malazi na maradhi ya njia ya mkojo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, aliyekimbia utawala wa Wanazi wa Ujerumani, alifungua wodi yao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na wafanye kazi na michezo. Mwaka 1948 wagonjwa wake walishindana kwa upinde na mshale wakiwa katika viti vya magurudumu. Hapo ndipo ilipochipuka michezo ya Olimpiki ya walemavu.

Kazi hiyo ya kugeuza haihitaji mashine. Baba, mama na watoto wakubwa wanaweza kupangiana zamu. Kaguni ngozi ya matako, visigino na kiuno kila siku. Wekundu au weusi usiofifia ni onyo, na sehemu hiyo isilaliwe tena. Mpira wa mkojo ushikwe kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni.

Na zaidi ya yote, ndugu msomaji, usimfiche chumba cha uani. Mtu aliyepooza miguu bado ana akili, mikono, na neno katika baraza la nyumba yake. Mtoeni nje akae na wenzake, apewe kazi aiwezayo, naye ataendelea kuwa mzazi, fundi na raia.