Mchango wa jirani si bima

SAUTI YA MAGHARIBI
Na Gladys Mukhwana

Wiki hii nimeingizwa tena katika kundi la WhatsApp la kuchangia bili ya hospitali. Orodha ni ile ile unayoijua, msomaji: nambari moja mia mbili, nambari mbili mia tano, nambari tatu "nitatuma jioni". Mwekahazina anaibandika upya kila pesa inapoingia, na chini yake anaandika jumla na kiasi kilichobaki. Mgonjwa ni mwendesha bodaboda wa Lurambi aliyevunjika mguu. Bili inapanda kila usiku anaolala wodini.

Niliwauliza wenzake wa steji wanatoa wapi pesa hizo. Mmoja akanionyesha simu. Alikuwa ametuma shilingi mia tatu, na sehemu kubwa ya hizo ni Fuliza. Yaani amekopa ili amchangie mwenzake asiye na bima, na yeye mwenyewe hana bima.

Sina neno dhidi ya mchango. Sisi watu wa Magharibi tumezikana, tumesomeshana na tumetibiana kwa michango, na yeyote anayedharau jambo hilo hajawahi kufiwa. Ila mchango hufaa pale anapoanguka mmoja na wengine wamesimama. Wakianguka wote kwa pamoja, nani atamwinua nani?

Mumias tuliliona hilo kwa macho. Kiwanda cha sukari kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na kwa miongo kadhaa hela ya miwa ndiyo iliyokuwa pensheni, karo na dawa kwa maelfu ya familia kutoka Matungu hadi Butere. Muwa huchukua takriban mwaka mmoja na nusu shambani kabla ya kukatwa, kwa hivyo mkulima huishi kwa kungoja. Malipo yalipoanza kuchelewa, kisha yakakatika, na hatimaye benki ya KCB ikaiweka kampuni chini ya mrasimu Septemba 2019, hakuumia mkulima peke yake. Mkata miwa alikosa, dereva wa trekta alikosa, mama wa hoteli ya chai alikosa, na mwenye shule ya kibinafsi akakosa wanafunzi. Chama ambacho wanachama wake wote wanategemea mfuko mmoja hakina cha kugawana mfuko huo ukitoboka. Desemba 2021 kiwanda kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda, kesi zikafuatana, na usagaji ukarejea. Lakini mzee aliyezeeka akingoja malipo yake hakurudishiwa miaka hiyo.

Hapo ndipo serikali ilipopaswa kuonekana, kwa sababu serikali haitegemei shamba moja wala kijiji kimoja. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaiagiza serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea.

Tunao mpango wa serikali wa Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa familia zinazolea yatima, na kwa wenye ulemavu mkubwa. Hizo hazifiki shilingi 70 kwa siku. Kiwango hicho kimekaa palepale zaidi ya miaka kumi, ilhali mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga ilipita shilingi 200.

Hata hizo 2,000 hazina tarehe. Nimewaona wazee mjini Kakamega wameketi nje ya benki tangu asubuhi, kitambulisho kimeviringishwa ndani ya nailoni, wakaambiwa bado. Nauli ya bodaboda kutoka kijijini imeshaliwa. Kule nyumbani, mwenye duka humkopesha kukhu, yaani bibi, sukari na sabuni akijua pesa zitakuja. Malipo yakichelewa miezi miwili, mitatu, duka nalo hufunga mkono. Mimi naona kuchelewa huku kunaumiza kuliko hata udogo wa pesa zenyewe, kwa sababu mtu anaweza kupangia kidogo anachokijua, lakini asichojua kitakuja lini hawezi kukipangia.

Bima ya afya nayo ikabadilishwa. Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Yule wa jua kali anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, isiyopungua shilingi 3,600. Ni nani anayelipwa kwa siku na bado ana 3,600 za kuweka kando? Wanatuambia kuna Lipa SHA Pole Pole, lakini huo ni mkopo, na yule kijana wa steji tayari ana deni kwenye simu.

Kuwalipa wanyonge kwa wakati si kazi isiyowezekana. Kaunti yetu yenyewe, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, ilianzisha mwaka 2013 mpango ambao wananchi waliuita Oparanya Care. Mama mjamzito asiyejiweza alipewa shilingi 2,000 kwa awamu sita, jumla 12,000, kuanzia kliniki, akijifungua hospitalini, hadi mtoto akamilishe chanjo na kufikisha miezi 18. Kila awamu ilikuwa na wakati wake na mama aliujua.

Wapo wanaosema pesa za bure huzaa uvivu. Waende Khwisero wamtafute bibi wa miaka 75 anayelea wajukuu wanne, kisha wamwambie yeye ni mvivu. Aliyelima miwa miaka thelathini hapewi sadaka anapopewa 2,000. Kodi yake ililipwa kwenye kila kilo ya sukari aliyonunua.

Kakamega ina maeneo bunge 12, na kila moja lina mbunge anayepiga kura kuhusu bajeti ya taifa. Mambo ni mawili: Inua Jamii ilipwe tarehe moja kila mwezi na kiwango chake kipande bei zinapopanda, na mtu wa kipato cha siku aruhusiwe kulipa SHA kidogo kidogo bila kukopeshwa. Mbunge wako akija kwenye mazishi Jumamosi hii na bahasha ya mchango, ipokee, umshukuru, kisha umuulize mbele ya watu atapiga kura vipi kwa hayo mawili.